Kutoka mjini Nairobi kwenda kutazama sanaa na kurudi siku hiyo hiyo: tupeane uzoefu

Jirani wa Ngara
Wadau, shule zikikaribia kufungwa swali la "tupeleke watu wapi wakaone sanaa" hurudi palepale. Tuweke hapa vitu vya kutumika: njia, saa, malipo, na kinachoharibu siku. Hadithi za nani alifurahi vipi tuziache.

Naanza na la msingi. Chagua barabara moja ushinde humo. Ukiangalia ramani, Rosslyn na Lavington ni pua na mdomo, lakini kukatiza jiji kwa upana saa 9 alasiri ni kazi nyingine kabisa. Anayepanga mji wa Banana asubuhi, Kilimani mchana na Mlolongo jioni ataona nyuma za malori. Kwa mtu anayeanzia katikati ya jiji naona njia tatu: ile ya mjini, Limuru Road na Mombasa Road. Kila moja ina siku yake.

Karani Mstaafu
Ya mjini basi. Anzia jengo la Kumbukumbu za Kitaifa, Moi Avenue, mkabala na jengo la Ambassadeur. Kwenye ghorofa ya chini ndipo ilipo Murumbi Gallery. Joseph Murumbi alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, na alikusanya sanamu, nguo, vitabu na stempu za Afrika kuliko mtu mwingine yeyote mnayemjua. Muanze hapo kwa sababu hiyo ni ofisi ya serikali: Jumapili imefungwa, kwa hivyo njia hii ni ya siku za kazi. Uliza mlangoni kuhusu picha kabla hujatoa simu.

Kisha fuata Kenyatta Avenue hadi mwisho, ukutane na Uhuru Highway. Kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika 20. Jengo dogo la mawe lililo kando ya Nyayo House ndilo Nairobi Gallery. Lilijengwa 1913 likiwa ofisi ya mkuu wa mkoa, watu wakiandikisha humo vizazi, ndoa na vifo. Hapo ndipo umbali wa barabara kutoka Nairobi ulipokuwa ukipimwa. Ndani kuna sehemu nyingine ya mkusanyiko wa Murumbi, na ukishatoka kule Kumbukumbu unaelewa mtu huyu alikuwa akinunua kwa jicho gani. Ukigeuza mpangilio, kile cha Moi Avenue utakipita mbio kwa kuwa watu wanafunga.

Kutoka hapo hadi makumbusho ya Museum Hill usitembee. Umbali si mkubwa, lakini kandokando ya barabara kuu kuna moshi na kuvuka ni kwa shida. Panda matatu ya Westlands, ushuke Museum Hill, upande kilima.

Mlezi wa Kikundi
Niongeze kuhusu malipo, kwa maana hapo ndipo vikundi hukwama. Nairobi Gallery na makumbusho ya Museum Hill yote yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Kiingilio hugawanywa kwa raia, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni kutoka nje, na tofauti si ndogo. Beba kitambulisho halisi. Malipo ni ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, siyo noti mkononi. Kinachoharibika ni kwamba watu 15 wanafika langoni, kila mmoja anaanza kukumbuka nywila, mtandao unazunguka, na nusu saa imekwisha. Mtu mmoja alipie wote akiwa nyumbani, apige picha ya risiti kwenye skrini, na simu iwe na chaji.

Milango ya Museum Hill hufunguliwa saa 2:30 asubuhi hadi 11:30 jioni. Mabasi ya shule huanza kumiminika katikati ya asubuhi. Ukiwa pale mlango ukifunguliwa unapata karibu saa nzima ya utulivu. Mchana, watoto wakiwa nje na chakula chao, kunatulia tena.

Penseli ya HB
Na ukiingia Museum Hill kwa ajili ya sanaa, usianze na wanyama! Ghorofa ya chini ina ndovu, ndege, mafuvu ya watu wa kale, na Turkana Boy, mifupa ya kijana wa kale yenye umri wa karibu miaka milioni 1.5. Vyote vizuri, lakini vikikumaliza macho hutafika juu na nguvu. Panda ngazi kwanza ukaone michoro ya mchoraji Joy Adamson ya watu wa Kenya, kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940. Simama karibu na picha moja badala ya kupita ishirini. Tazama jinsi anavyohesabu shanga: safu kwa safu, rangi kwa rangi, hadi uzito wa pete unavyovuta ndewe ya sikio, huku nyuma ya mtu hakuna kitu. Alikuwa anaandika orodha ya mavazi kwa brashi. Ndiyo nguvu ya zile picha, na ndiyo kasoro yake pia, kwa sababu wengine mle ndani wanaonekana kama wamevalishwa wachorwe tu.

Vyumba vya kazi za karatasi huwa na mwanga hafifu. Msilaumu stima. Mwanga hufifisha rangi ya maji na haurudishi, kwa hiyo wataalamu hulenga takriban luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga). Macho huchukua dakika kadhaa kuzoea. Flashi usiwashe hata kwa utani.

Abiria wa 106
Limuru Road ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, na gari lake ni matatu namba 106 ya Banana. Steji za mjini huhamishwahamishwa, kwa hiyo uliza "Banana kwa Limuru Road" usije ukapandishwa ya Kiambu. Gari hilo hilo linapita Gigiri, Village Market, Rosslyn, Ruaka, kisha linapanda Banana. Maana yake ni kwamba unaweza kushuka na kupanda tena bila kuhitaji teksi.

Siri ni kuanzia mbali. Nenda Banana moja kwa moja asubuhi, wakati magari mengi yanaelekea mjini na wewe unaenda kinyume nayo. Banana Hill Art Gallery ilianzishwa 1992 na wasanii wa pale pale, na kwa miaka mingi imeendeshwa na mchoraji Shine Tani na mkewe Rahab. Picha zimebanana ukutani, fremu kwa fremu, na nyingine zimeegemezwa chini. Usitarajie ukuta mweupe na picha moja. Omba kuonyeshwa zilizopangwa nyuma, hukataliwi. Beba sweta: kule ni juu, na Juni hadi Agosti baridi ya ukungu hukaa hadi saa 5 asubuhi.

Saa 6 teremka. Ruaka ndipo siku hufia, pale barabara ya mzunguko inapokutana na Limuru Road. Ukiipita kabla ya saa 8 mchana umepona. Ukiiacha hadi jioni, na mvua ikinyesha, nauli hupanda na gari halisogei.

Shuka Rosslyn Riviera. Ndani ya jengo hilo la maduka ndipo ilipo Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Ilifungua milango 2022 kwa kazi za mchoraji Sane Wadu. Hawauzi picha na hawatozi kiingilio, kwa hiyo hakuna anayekuangalia kama mnunuzi. Baada ya kubanana kwa kule juu, hapa utaona picha chache zenye nafasi. Mpangilio huu, wingi kwanza kisha uchache, ndio unaofaa. Chakula kipo hapo hapo jengoni, na choo pia, jambo ambalo wenye watoto watalishukuru.

Fundi wa Fremu, Kariobangi
Mtanunua, tena kwa pupa, kwa hiyo nisikilizeni. Turubai ikitolewa kwenye fremu na kuviringishwa, rangi ikae upande wa NJE. Ikiwa ndani hubanwa na kufanya mikunjo, na ukija kuinyoosha inapasuka. Mrija uwe na upana wa sentimita 10 au zaidi, na kati ya rangi na kitu kingine weka karatasi laini isiyo na asidi. Nailoni ikigusa rangi ndani ya gari lenye joto hugandamana. Picha ya mafuta yenye rangi nzito ambayo ina wiki chache tu usiiviringishe kabisa. Juu imekauka, ndani bado.

Ukibeba ikiwa na fremu ndani ya matatu, lipia kiti chake kabla ya kupanda, usianze mabishano Ruaka. Sanamu ya mawe ya Kisii nayo hudanganya: jiwe la sentimita 10 kwa 10 kwa 30 lina kilo 8 hivi kabla halijachongwa, na ni laini, ukucha unaacha alama. Ifunge kwa kitambaa, uishike magotini.

M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Dai risiti na cheti chenye jina la msanii, mwaka, vipimo na aina ya rangi. Bila vipimo cheti hicho ni karatasi tu, kinaweza kuhamia picha yoyote.

Jirani wa Ngara
Asante, fundi. Mombasa Road kuna nani?

Dereva wa Mlolongo
African Heritage House, upande wa Mlolongo, ikitazama Mbuga ya Nairobi. Ni nyumba ya marehemu Alan Donovan, aliyeshirikiana na Murumbi kuanzisha galari ya African Heritage mwaka 1972. Kuta zake zimeiga majengo ya udongo ya Mali na kwingineko. Haiendwi bila miadi. Weka nafasi siku kadhaa kabla, na uombe pini ya mahali, kwa sababu kona ya kuingilia ni rahisi kuipita na kurudi nyuma kwenye barabara ile ni safari nyingine. Wenye gari dogo mnaweza kwenda kwa Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, na kutokea Mlolongo. Asubuhi nenda kwa barabara ya chini uokoe pesa, jioni lipia ya juu.

Msoma Uzi
Jumatatu je?

Penseli ya HB
Nenda njia ya mjini. Magalari mengi ya binafsi hufunga Jumatatu, mengine na Jumapili. Na kuna shimo lingine: kati ya maonyesho mawili ukumbi hukaa siku kadhaa ukiwa na ngazi na ndoo za rangi, ingawa mlango uko wazi. Ukipiga simu usiulize "mmefungua?" Utaambiwa ndiyo. Uliza "ukutani kuna nini leo, na kinashushwa lini?"