PS4 kwenye monita ya kompyuta ya mezani: naomba ushauri kabla sijanunua waya

Chuma_Pedi
Wakuu, salaam. TV ya sebuleni imekuwa mali ya umma, kila nikishika pedi anatokea mtu anataka taarifa ya habari. Chumbani nina kompyuta ya mezani yenye monita ya zamani ya inchi 19, ile inayokaribia mraba, 1280 kwa 1024. Nyuma ina matundu ya waya wa picha ya VGA na DVI basi, HDMI hamna na spika hamna. Mashine yangu ya gemu ni PS4 (PlayStation 4) Slim.

Sasa nyuma ya CPU nimeona tundu la HDMI. Nikichomeka PS4 hapo, picha itatokea kwenye monita? Kama haiwezekani, ninunue waya gani? Sitaki kukusanya nyaya za kujaza droo.

FundiNyaya
Hilo tundu la CPU lisahau. Linatoa picha, halipokei. Hata laptop karibu zote ziko hivyo, ndiyo maana kila siku watu wanauliza kwa nini wamechomeka na hawaoni kitu. Ili kompyuta ipokee picha ya PS4 ni lazima iwe na kadi ya kunasa video, na kwa shida yako hiyo ni gharama ya bure. CPU izime kabisa, haihusiki. Waya utoke PS4 uende kwenye monita yenyewe.

Mtu_Mfupi
Mbona rahisi. Chukua waya wa HDMI kwenda VGA, chomeka, cheza. Mnamtisha bure.

FundiNyaya
@Mtu_Mfupi usimpoteze mwenzio. HDMI ni dijitali, VGA ni analogia. Waya mtupu usio na chipu ndani haubadilishi chochote, atakaa anatazama kioo cheusi. Konvata yenye chipu inafanya kazi, na nyingine zina tundu la sauti ubavuni. Ila mtu mwenye DVI ana sababu gani ya kukimbilia VGA?

Mkuu Chuma, DVI ndiyo njia yako. DVI-D, yaani DVI ya dijitali, inabeba picha kwa mfumo uleule wa HDMI, kwa hiyo waya wa HDMI kwenda DVI hauhitaji chipu wala umeme wa ziada. Angalia tundu lako: kama kuna safu tatu za vitundu vidogo na mfereji bapa pembeni, uko salama. Ukiona na vitundu vinne vimeuzunguka huo mfereji, hiyo ni DVI-I, nayo inafaa pia.

Bi_Kitufe
Kabla hajashangilia, kuna HDCP. Ni ulinzi wa kuzuia kunakili video, PS4 inatoka nao ukiwa umewashwa, na monita nyingi za DVI za enzi hizo haziutambui. Matokeo yake taa ya PS4 inawaka, monita iko gizani, mtu anaenda kurudisha waya dukani wakati waya ni mzima.

Fanya hivi: chomeka kwanza kwenye TV, ingia Mipangilio, kisha Mfumo, uizime HDCP. Ukiwa bado kwenye TV, shusha na ubora wa picha kutoka 1080p hadi 720p, maana monita ya 1280 kwa 1024 inaweza kuikataa 1080p. Halafu ndiyo uhamie chumbani. Magemu yatacheza kama kawaida, ila programu za filamu zitagoma HDCP ikiwa imezimwa.

Na ukijikuta umekwama gizani bila TV ya kuazima: zima PS4, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie mpaka mlio wa pili, kama sekunde saba. Itawaka katika hali salama, na humo kuna sehemu ya kubadilisha ubora wa picha. Pedi iunganishe kwa waya wa USB, bila waya haitasoma.

Chuma_Pedi
Shukrani dada, hiyo HDCP nilikuwa sijawahi kuisikia. Na sauti je?

Bi_Kitufe
DVI kwa kawaida haipitishi sauti. Njia nyepesi ni hedifoni kwenye pedi: mipangilio ya vifaa vya sauti, chagua sauti yote iende kwenye hedifoni, la sivyo utasikia maongezi ya wenzako tu. Hedifoni za USB nazo zinakubali. Bluetooth za kawaida usihangaike, PS4 haizipokei.

Mzee_wa_Kona
Ukitaka spika za mezani, tafuta kifaa cha kuchomoa sauti kwenye HDMI, kinakaa katikati ya PS4 na waya wa DVI. PS4 ya kwanza, ya 2013, ilikuwa na tundu la sauti ya mwanga (optical). Kwenye Slim wakaliondoa. Kwa nini, wanajua wenyewe.

Ila mimi ningeweka akiba ninunue monita yenye HDMI. Nyingi zina tundu la hedifoni linalotoa sauti iliyokuja na HDMI, mambo yote hayo hapo juu yanakwisha. Tena monita mara nyingi inawahi kuitikia kitufe kuliko TV, kwa sababu haipotezi muda kuipamba picha. Usidanganywe tu na 144Hz, yaani kioo kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, PS4 inaishia 60Hz. Hiyo waachie wenye PS5, ambayo inafika 120Hz na tangu Septemba 2022 inakubali pia 1440p.

Chuma_Pedi
Mrejesho: waya wa DVI umefika, HDCP nimezima kwenye TV, picha imekuja mara moja na ni kali. Tatizo wachezaji wa mpira wamekuwa wembamba na warefu kama nguzo.

FundiNyaya
Kawaida. 720p ina mistari 720, kioo chako kina 1024, monita inaivuta picha kwenda juu ijaze nafasi. Bonyeza vitufe vya monita uingie kwenye menyu yake, tafuta sehemu ya uwiano wa picha. Ikiwepo, utapata michirizi myeusi juu na chini na watu watarudi saizi yao. Monita nyingine za zamani hazina hiyo sehemu, na hapo PS4 haina la kukusaidia.

Chuma_Pedi
Nimeipitia menyu yote, hamna. Basi naanza kutafuta ya HDMI. Kwa sasa kipa wangu anafikia mtambaa wa panya bila kuruka.