Fefo (vidonge vya kuongeza damu) zinanifunga choo, udongo wa pemba siuachi, na Ramadhani hiyo inaingia. Nifanyeje?

Fundi_Ngamiani

Assalaam aleykum na habari zenu wote. Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani hapa Tanga. Mimba ya pili, mwezi wa tano unaishia. Ile ya kwanza wala sikuisikia: nilikula, nililala, nikazaa. Hii imekuja na mambo yake.

Kliniki wamenipima wingi wa damu ikaja 9.8. Nesi akaandika kwenye kadi, akaniongezea fefo, akasema kula mboga za majani, akaita "mwingine!" Foleni ilikuwa inafika nje, simlaumu. Sasa hizo fefo ndizo zinazonitesa. Choo kimekuwa cheusi tii, halafu kigumu hata kuingia chooni naona uvivu, na jirani yangu ameshaanza kunitisha na habari za bawasiri. Nikimeza asubuhi na chai, ladha ya chuma inakaa mdomoni mpaka adhuhuri. Mdogo wangu akaniambia tafuna karafuu. Nimetafuna, sasa nasikia chuma chenye karafuu.

La pili ni udongo. Nakula pemba, vile vijiti. Nanunua soko la Mgandini kwa bibi anayeuza na ukwaju na ubuyu, naviweka kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na chaki. Mume wangu ameshaijua harufu yake, nikirudi nyumbani salamu yake ni "leo vingapi?" Na si kwamba naamua kula. Mvua ikidondoka kidogo tu, vumbi la barabarani likalowa, mate yananijaa. Wapo wanaosema hauna neno, mama zetu walikula na sisi tukazaliwa wazima.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Ramadhani inakaribia. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, amesema yeye alifunga mimba zake zote na huku analima Pongwe. Sikumjibu kitu. Lakini wenye kazi hii mnajua, kwa fundi Ramadhani ndiyo msimu. Madera, kanzu za watoto, magauni ya Idi, watu wanaleta vitambaa tangu kumi la kwanza na kila mmoja anataka chake kesho. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Jioni miguu inavimba mpaka kanda za ndala zinaacha alama. Sasa nifunge, na damu hii, nikanyage pedeli mpaka saa sita za usiku? Na nikikataa kazi, kodi ya fremu atalipa nani?

Kwa hiyo waliopitia naomba mnisaidie. Fefo niziache kwanza nipumue? Pemba ina madhara kweli au ni maneno ya watu? Na kufunga, mwenye mimba anaamuaje? Kiungulia sikiulizi. Nimeambiwa mtoto ana nywele nyingi, basi na aje nazo.

MamaWawili_Makorora

Pole shoga. Mimi fefo zilinishinda asubuhi, nikahamishia usiku baada ya chakula, nakula na chungwa kisha nalala. Hilo chuma la mdomoni linakukuta usingizini, halina wa kumsumbua. Tanga hii chungwa la Muheza halijawahi kuwa tatizo. Choo kilikuja kulainika kwa papai na maji mengi, ila hayo maji ukubali kwenda msalani kila saa, ndiyo bei yake.

Ya udongo sina la kusema, maana mwenzio nilikuwa nakula mchele mbichi. Mama alikuwa anapima kopo la mchele kila asubuhi, akijua panya.

Mtu_wa_Sahare

Achana na hizo fefo dada, ni kemikali tu. Saga bitiruti na maziwa, kunywa asubuhi na jioni, damu inapanda yenyewe. Wifi yangu alifanya hivyo.

Nesi_Mstaafu_Chumbageni

Mwanangu fundi, waaleykum salaam. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, sasa niko nyumbani nafuga kuku, kwa hiyo nina nafasi ambayo yule mwenzangu wa foleni hana.

Tuanze na hiyo namba. Mjamzito tunataka awe na 11 kwenda juu. Ikifika chini ya 7 hapo ni upungufu mkali, hospitali wanaweza kukulaza. Wewe 9.8 si ya kulia, lakini si ya kuipuuza pia. Mtoto bado anakua na anachukua kwako, na siku ya kujifungua kila mwanamke anapoteza damu. Mwenye akiba ndogo, hata damu ambayo mwingine asingeisikia yeye inamwangusha. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni hapana, usiache.

Choo cheusi ni kile chuma ambacho mwili haukukitumia, kinatoka zake, usikiogope. Ugumu wa choo nusu ni fefo, nusu ni mimba yenyewe, maana homoni zinalegeza utumbo na chakula kinapita taratibu. Nusu nyingine ni pemba. Najua hesabu yangu haijumliki, ila ndivyo ilivyo tumboni mwako sasa hivi.

Sasa sikiliza jinsi siku yako inavyokwenda. Asubuhi unameza fefo na chai. Majani ya chai yanazuia chuma kisiingie mwilini. Saa nne unafungua droo, unatafuna pemba, na udongo nao unakishika chuma humo humo tumboni. Chuma unameza kila siku lakini kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Ndiyo maana sisemi uongeze dawa kwanza, nasema upange saa. Fefo usiku, baada ya kula, na chungwa au maji ya ndimu kama alivyosema Mama Wawili, maana uchachu wake unasaidia chuma kuingia. Chai, kahawa na maziwa viwe mbali na fefo, kwa muda wa saa mbili hivi. Zikikushinda kabisa, unatapika kila ukimeza, rudi kliniki waseme kama zipo za aina nyingine. Usikae nazo kabatini ukaja kusema ulizimeza.

Mtu wa Sahare, sikugombezi, lakini bitiruti rangi yake ndiyo ya damu, chuma chake ni kidogo. Na hayo maziwa uliyomchanganyia ndiyo yanayozuia hata hicho kidogo. Ale kama chakula, ni kizuri. Kisiwe badala ya fefo. Dagaa, kunde, choroko, mchicha, kisamvu, hivyo ndivyo vya kila siku, na ndimu juu yake. Nyama akipata ale. Maini kidogo tu, si kila siku, yana vitamini A nyingi na ikizidi si nzuri kwa mimba.

Pemba. Mbali na kula chuma chako, udongo unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo, na yule bibi wa sokoni hana mashine ya kujua upi unao na upi hauna. Ile dawa ya minyoo ya kliniki, inayotolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, ulipewa? Tazama kadi. Lakini sitaki uone haya. Hamu ya udongo mara nyingi inaandamana na upungufu wa damu wenyewe, na wengi damu ikipanda hamu inapungua bila ugomvi. Kliniki ijayo mwambie nesi waziwazi kwamba unakula. Nilishasikia makubwa zaidi ya hayo.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza. Kuna vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5 watu wananunua dukani wakidhani wanaongeza nguvu. Usivitumie bila kuambiwa, hasa unapomezeshwa vile vidonge vitatu vya SP vya kuzuia malaria kliniki, maana dozi kubwa ya foliki inaipunguza SP nguvu. Foliki iliyomo ndani ya fefo za kliniki ni ndogo, haina ugomvi nayo. Na SP usizikwepe, Tanga hii na mbu wake.

Miguu kuvimba jioni na kushuka asubuhi ni ya kawaida, na pedeli inachangia kwa sababu umekaa muda mrefu miguu chini. Inuka kila baada ya vazi moja, zunguka hata nje ya fremu, usiku lalia ubavu, wa kushoto ukiweza. Lakini ukivimba uso na vidole, kichwa kikauma kisipoe, ukaona vimulimuli, au maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, funga duka uende siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama gauni la mtu liko mezani. Hiyo inaweza kuwa kifafa cha mimba kinaanza. Mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, nao ni wa kukimbilia. Kutokwa damu au mtoto kupunguza kucheza sina haja ya kukuambia, umeshazaa.

Kufunga, kwa upande wangu: na 9.8, hapana kwa sasa. Omba upimwe tena kabla ya mwezi kuandama. Ya dini nawaachia wenyewe.

BabaK_Mabawa

Naingia kama mume. Mke wangu alikuwa anabandua udongo wa kichuguu nyuma ya nyumba ya mama yake, kila Jumapili "nakwenda kumsalimia mama". Nilipojua nikamfokea, akaanza kula kwa kujificha, hapo ndipo sikujua tena anakula kiasi gani. Tulipopatana ni pale nilipoacha kufoka nikawa namletea karanga za kukaanga na barafu mfukoni, mdomo upate cha kutafuna. Alipunguza, hakuacha. Aliacha damu ilipopanda, kama alivyosema mama nesi.

Mwambie mumeo "leo vingapi" aiendeleze. Inasaidia kuliko kelele.

Bibi_wa_Msambweni

Wajukuu zangu, nimesomewa yote na mjukuu wangu hapa, yeye ndiye anayeandika.

Fundi, dini yetu haikukubana. Mwenye mimba akihofia nafsi yake au mtoto wake anafungua, analipa baadaye. Sisi Shafi tunasema hivi: ukifungua kwa kuhofia nafsi yako, au nafsi yako pamoja na mtoto, unalipa siku tu. Ukifungua kwa kumhofia mtoto peke yake, unalipa siku na unatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Na hofu yenyewe iwe na msingi, na wewe msingi unao, umeandikwa kwenye kadi. Muulize na ustadhi wa msikitini kwenu akutengenezee hesabu, usifanye ya kubahatisha.

Mimi mimba ya kwanza nilifunga mwezi mzima na nilikuwa salama. Ya tatu nilifunga siku chache nikaanguka kisimani. Mwanamke ni yule yule. Mimba ndizo haziko sawa. Mama mkwe wako hasemi uongo, anasema za kwake.

Na usiende wewe kumjibu. Mwache mumeo akaongee na mama yake, tena aende na ile kadi mkononi, aseme "mama, hospitali wameandika hivi". Namba haibishiwi. Siku zako utazilipa ukishamaliza kunyonyesha, hata kama ni kidogo kidogo. Wakati wa kufuturu kaa nao mkekani, kula futari nao. Ila ile chai ya tangawizi ya magharibi usiifuatishe na dawa, maana nimesikia hapo juu chai inaharibu. Sikulijua hilo, na umri huu.

Fundi_Ngamiani

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Bibi wa Msambweni shikamoo, na mjukuu wako ahsante kwa kuandika. Mama nesi shikamoo, nimetazama kadi, dawa ya minyoo sikupewa, pamebaki wazi. Nitakumbusha.

Fefo nimehamishia usiku tangu jana. Leo mdomo hauna chuma. Choo bado, lakini papai ndiyo kwanza nimenunua. Pemba sitawadanganya, vimebaki viwili kwenye droo na sijavitupa. Mume wangu kasoma uzi huu wote akacheka pale pa Baba K, kisha akaniuliza kadi iko wapi. Nadhani Ijumaa anakwenda Pongwe.

Kilichobaki ni kazi za Idi. Nimeamua nitapokea, ila nusu ya mwaka jana, na baada ya tarawehe sikanyagi tena. Shida ni kwamba nusu ya kazi hailipi fremu. Yupo anayejua binti wa kunisaidia kutia vifungo, kupinda na kupiga pasi? Kukata na kushona nabaki mimi.

MamaWawili_Makorora

Mdogo wangu wa mwisho amemaliza mafunzo ya ushonaji mwaka jana, amekaa tu nyumbani anazungusha simu. Kupinda anajua, vifungo anajua, mdomo tu ndio mwingi. Utamlipa kwa nguo au kwa siku?

Fundi_Ngamiani

Kwa nguo, na chakula cha mchana juu yangu kwa siku ambazo hakufunga. Aje Jumatatu saa mbili asubuhi, nakutumia maelezo pembeni. Mwambie aje na mkasi wake, wangu simpi mtu.