Bi mkubwa anakwenda New York: ndege ya moja kwa moja au apumzike njiani?

Kijana_wa_Kibosho: Wakuu, heshima kwenu. Bi mkubwa ana miaka 68, ana presha na miguu humvimba akikaa sana. Dada yangu aliye New York anakaribia kujifungua, anataka mama akamlee uzazi. Tumeona ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi: inaondoka saa tano na nusu usiku, inatua saa moja na nusu asubuhi. Kaka anasema hayo ni masaa nane, kama basi la Moshi kwenda Dar. Kweli? Wengine wanasema apitie Dubai apumzike. Mama hajawahi kupanda ndege, Kiingereza hajui.

Msafiri_Mzee: Masaa nane ya wapi, mkuu! Hiyo saa ya kutua ni ya kwao, na majira haya wako nyuma yetu kwa saa saba. Hewani ni masaa kumi na tano. Ni kama kilomita 11,800, unakata Sahara halafu Atlantiki. Kurudi hupungua kama saa moja, maana upepo wa huko juu unavuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Mama_Pacha: Dubai sahauni. Anasafiri kilomita 3,500 kwenda upande siko, halafu Dubai hadi New York peke yake ni 11,000. Kile kipande kirefu mnachokikimbia kinamsubiri palepale! Kama ni kupumzika, Amsterdam: 6,700 mpaka hapo, zinabaki 5,900 hivi. Mzunguko unaongezeka kidogo tu. Ila ulizeni kwanza mambo ya viza ya kupita.

Babu_wa_Kona: Mama Pacha, hesabu yako safi, lakini mimi nilimpitisha mama mkwe Ulaya, akakaa geti la watu wengine mpaka ndege yake ikaondoka. Alilia. Asiyejua lugha apande mara moja, ashuke mara moja. Mwombeeni kiti cha magurudumu mnapokata tiketi, hata kama anatembea vizuri. Anayemsukuma ndiye atakayemfikisha mpaka uhamiaji. Akae kiti cha kwenye njia, asimame kila baada ya saa moja au mbili, anywe maji. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na mabegi. Soksi za kubana, muulizeni daktari wake kwanza.

Msafiri_Mzee: Na asitoke Moshi kwa basi siku hiyohiyo. Namanga ikichelewa, miguu imeshavimba kabla hajaiona ndege. Alale Nairobi.

Kijana_wa_Kibosho: Asanteni sana. Ni ya moja kwa moja, na kiti cha magurudumu naomba kesho. Sasa kuna jingine: ameshapanga mkungu wa ndizi za mtori, za mzazi.

Mama_Pacha: Ndizi mbichi? Zitaishia kwa wakaguzi hapo hapo uwanjani. Mwambie mapema.

Kijana_wa_Kibosho: Mwambie wewe, Mama Pacha. Mimi bado nakula kwake.