Tupeane uzoefu: mizunguko ya Jumapili na kikundi cha baiskeli

Mfagiaji
Wakuu, habari za asubuhi. Nina miaka mitatu naendesha na kikundi kimoja hapa Dar. Tunakutana Mwenge saa 11 na nusu alfajiri, kabla daladala hazijachangamka, tunashika Barabara ya Bagamoyo: Tegeta, Boko, Bunju, tunavuka Mto Mpiji tunaingia mkoa wa Pwani, tunakunywa dafu Mapinga, tunageuza. Kilomita 60 hivi kwenda na kurudi. Si mashindano. Kwenye tangazo waliandika "hatumwachi mtu", na ndiyo sababu ya kufungua uzi huu, maana Jumapili yangu ya kwanza niliachwa.

Ilikuwa Julai. Kwenda nilijiona mwamba, saa ya kwenye usukani inasoma kilomita 32 kwa saa na wala sihemi. Mzee mmoja akasogea ubavuni, akaniambia, "Dogo, hiyo ni kusi inakusukuma. Utakutana nayo kurudi." Nikamjibu "sawa mzee" huku moyoni nikisema huyu umri umemfika.

Tulipogeuza, niliona kama mtu kanishika siti kwa nyuma. Upepo usoni, malori ya saruji ya Wazo yanapita na kila moja linakuacha na ukungu wa vumbi. Nilikuwa nyuma ya jezi ya njano, mita moja. Zikawa mbili. Zikawa tano, na hapo ndipo ilipokwisha, kwa sababu ukishatoka kwenye kivuli cha mwenzako upepo wote ni wako peke yako. Dakika tano baadaye sikuona jezi hata moja. Niliketi Boko chini ya mwarobaini, chumvi imenikauka usoni, nikawaza kupakia baiskeli kwenye bajaji.

Walirudi kunichukua. Waligundua Tegeta walipohesabu vichwa. Yule mzee hakusema kitu, alinipa ndizi mbili na nusu ya chapati yake, akakaa mbele yangu mpaka Mwenge.

Tangu siku hiyo mimi ndiye wa mwisho kwa hiari. Kazi yangu ni kuhesabu vichwa kila tukisimama, na mtu akianza kukatika napaza sauti "Mkia!" ili wa mbele wapunguze. Haya, nanyi leteni yenu. Yaliyowapata, si ushauri wa vitabuni.

Dada wa Temeke
Mimi nilijifunza baiskeli nikiwa na miaka 41. Uwanja wa shule, jioni, watoto wa darasa la tatu wananishangilia kila nikianguka. Nyumbani kwetu wavulana ndio waliopewa baiskeli, sisi tulipanda nyuma kwenye keria.

Mzunguko wangu wa kwanza na kikundi ulikuwa mfupi, Posta hadi Masaki kupitia Daraja la Tanzanite. Wanaolipita kwa gari hawajui kwamba lile daraja lina mlima wake mdogo, na kwamba upepo wa bahari unakupiga ubavuni kilomita nzima. Nilibadilisha gia nikiwa tayari nimekwama, mnyororo ukaruka, nikashuka. Dada mmoja akashuka pia, akanirudishia mnyororo kwa kijiti bila kuchafua mikono, akasema, "Gia unabadilisha kabla ya mlima, siyo mlimani." Basi. Hakunihutubia.

Jambo jingine, akina dada wataelewa. Nilinunua ile kaptula yenye sponji. Wiki tatu nikawa natembea kama bata. Nikamvuta yule dada pembeni nikamuuliza kwa aibu, hivi ndani mnavaa nini? Akacheka mpaka akashika baiskeli. "Hakuna kitu, dada. Hiyo ndiyo chupi yenyewe." Siku hizi navaa sketi pana juu yake, mafuta ya mgando kidogo kwenye mapaja, naenda Mapinga na kurudi.

Valvu Nyembamba
Yangu ni fupi na ni ya kijinga. Pugu, njia ya Kisarawe, pancha. Nina tyubu ya akiba, nina vijiko vya kubandulia tairi, najisikia fundi. Natoa pampu: ya baiskeli ya mtoto. Haiingii. Ng'ambo ya barabara kuna kijana ana kompresa anajaza upepo bodaboda, nikavuka kwa furaha. Kumbe mdomo wake ni wa valvu nene, ya gari, na yangu ni ile nyembamba kama mjiti.

Tulikaa saa nzima watu tisa, mmoja akimlaumu mwenzake, mpaka mwenzetu wa nyuma akafika na kale kakofia ka shaba kanakofungwa juu ya valvu nyembamba ili iwe nene. Kana bei ya soda. Sasa nina vitatu, kimoja nimekifunga kabisa kwenye baiskeli.

Mtu wa Ruaka
Salamu kutoka Nairobi. Sisi ni Jumamosi. Tunaanzia Ruaka, Banana, Tigoni, hadi Limuru, juu kwa juu, na Limuru iko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo mgeni wa kutoka Mombasa hujuta akifika Banana. Baridi ya Julai huko hukata vidole, breki unashika kwa kukisia.

Kila mgeni lazima asimuliwe habari ya David Kinjah, mwendesha baiskeli wa hapa Kenya, vile alimchukua kijana Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akamzungusha njia za udongo za Kikuyu miaka mingi kabla ashinde Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara 4. Tukishamaliza hadithi, wazee wetu hupanda mlima polepole, wakinguruma kama posho mill, ile mashine ya kusaga unga.

Uzoefu wangu: hatari haiko kwa kupanda. Iko kwa kuteremka, wakati mmeshakunywa chai, mmeshiba mandazi, kila mtu anajiona Froome. Mwaka jana mwenzetu alipiga tuta ambalo halikuwa na rangi, akavunja kola yake, yaani ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Matatu iliyokuwa nyuma ilisimama, dereva akashuka kutuelekezea magari mpaka tukapata usafiri. Ninasema hilo kwa sababu kila siku tunawalaani.

Nimeacha
Mniwie radhi nitoe shombo. Mimi nimejitoa kwenye kikundi changu (sitakitaja). Kilianza watu saba, kila mtu na chuma chake, mmoja alikuwa na Phoenix ya babu yake. Baada ya mwaka ikaja jezi ya lazima, ikaja ada, yakaja makundi A, B na C. Mwenye Phoenix akawekwa C, na C hakukuwa na mtu mwingine. Jumapili mbili aliendesha peke yake akiwa "kwenye kikundi". Ya tatu hakuja, nami sikuja. Siku hizi tunaendesha wawili.

Mfagiaji
Mkuu @Nimeacha, hilo sikupingi. Na sisi tulianza kuelekea huko, aliyeturudisha ni muuza mayai.

Siku moja Bunju alitokea jamaa na baiskeli ya gia moja, nyuma kafunga trei 12, kila trei mayai 30, akajibanza kwenye mkia wetu kukwepa upepo. Nikamwangalia kwa wasiwasi. Mbele watu walikuwa na mtindo wa kukanyaga kwa nguvu, halafu kufunga breki ghafla, halafu kukanyaga tena. Baada ya kilomita tatu jamaa akapaza sauti: "Nyie mabosi, mnaendesha kama mmebeba mawe! Mimi nina mayai hapa!"

Tulicheka, lakini aliyekuwa mbele akatulia. Mwendo ukawa mmoja, hakuna breki, mkono unaoneshwa mapema kukiwa na shimo. Akatuacha Tegeta bila yai kuvunjika, na mtu wetu dhaifu kuliko wote siku hiyo alikuwa bado yupo kundini. Sasa mtu akianza fujo mbele, anaambiwa "mayai!" na anaelewa.

Baharia wa Muscat
Huku Oman ni Ijumaa, tukishasali Alfajiri tu, maana wakati wa joto jua likishatoka hakuna baiskeli tena. Mutrah hadi Sidab, kisha kilima cha Al Bustan. Wenye asili ya Unguja na Pemba tunaitana kwa Kiswahili mlimani, wengine wanadhani tunagombana. Chupa mbili za maji, ya pili natia chumvi na ndimu, alivyonifundisha bibi kwa ajili ya kazi ya shamba.

Dada wa Temeke
@Nimeacha njooni na huyo mwenye Phoenix. Jumapili hii Mwenge, saa 11 na nusu. Kusi imeshaanza, mleteni na chapati.

Nimeacha
Anauliza kama kuna mwenye pampu ya valvu nene.

Valvu Nyembamba
Ninayo. Ile ya mtoto.