Naomba ushauri: daftari la marehemu wa kijiji, Pemba

Assalaamu alaykum. Tunaandika daftari la marehemu wa kijiji chetu, Wilaya ya Micheweni, ili majina yasomwe kwenye hitima. Kila mtu ukurasa wake: jina hadi babu wa tatu na lakabu (akina Hamad Juma huku hawana idadi), kazi yake, alipozikwa, nani kasimulia. Kinachosumbua ni tarehe. Wazee hutaja mwezi wa Kiislamu au msimu wa karafuu, na mwaka wa Hijria ni siku 354 au 355. Kila miaka 33 hupishana na Miladia kwa takriban mwaka mzima. Tuandike zote mbili, au iliyosimuliwa tu? Na wino gani hauchujuki kwa unyevu wa masika? Wa kalamu ya maji hausalimiki.