Mama ana mtoto wa jicho na anaogopa kupasuliwa

Bintimkubwa: Habari zenu. Mama ana miaka 68. Haoni tena tundu la sindano, na usiku taa za magari zinamtawanyikia. Daktari kasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, apasuliwe. Kagoma. Anaamini jicho hung'olewa, likasafishwa, likarudishwa. Jirani naye kamwambia asubiri likomae. Kuna aliyefanyiwa?

Mzee Buluu: Binti, mimi nimefanyiwa yote mawili. Jicho haling'olewi, wala hakuna utando unaobanduliwa juu yake. Kinachoharibika ni lenzi, nyuma ya mboni. Protini zake hugandamana, ikawa kama kioo chenye mvuke. Nilitiwa matone ya ganzi, nikafunikwa uso kwa kitambaa chenye tundu. Niliona rangi zikielea na kuhisi maji yakipita, maumivu, hapana. Walipopasua hapafiki milimita 3. Mashine huvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza, kisha lenzi ya plastiki huingizwa imekunjwa, ikajikunjua humo humo. Sikushonwa.

Kesho yake kifuniko kilipotolewa, shati nililolivaa miaka nikidhani ni la kijivu likawa buluu. Nililia mbele ya nesi.

Kuhusu kukomaa: ni ushauri wa zamani. Niliufuata miaka miwili, lenzi ya jicho la kushoto ikawa ngumu, daktari akahangaika nayo. Mama asifanye kosa hilo.

Nesi wa macho: Naongeza. Hakuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho, msipoteze pesa. Kama ana kisukari, kidhibitiwe kwanza. Akishapasuliwa asisugue jicho, na dawa asikatize. Jicho likiuma, likawa jekundu au uoni ukapungua, arudi siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Bintimkubwa: Shikamoo mzee. Nimemsomea yote. Anauliza, hiyo plastiki haitamdhuru?

Mzee Buluu: Marahaba. Nami niliuliza hivyo hivyo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, daktari Harold Ridley wa London aliona marubani wenye vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni, na macho yale hayakuvikataa. Mwaka 1949 akaweka lenzi ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Lenzi hudumu maisha. Ila ya kawaida huona mbali tu, kwa kusoma atahitaji miwani.

Bintimkubwa: Jumanne anakwenda kupimwa. Anataka kujua lile shati ni buluu ya mbingu au ya bahari.