Wakuu, tukipewa nafasi ya kuunda Bunge upya, wabunge wachaguliwe kwa mfumo gani ili kila kura iwe na thamani?

Mizani (mleta mada)
Wanajamvi, naomba tujadili hili bila ushabiki wa chama. Chukulieni nchi ina majimbo 100 na vyama vitatu. Katika kila jimbo chama cha kwanza kinapata kura 40 kwa kila mia, cha pili 35, cha tatu 25. Kwa mfumo wa mwenye kura nyingi ndiye mbunge, chama cha kwanza kinazoa viti vyote 100. Watu 60 katika kila mia wanabaki bila mtu hata mmoja wa kuwasemea. Hakuna aliyeiba kura. Hakuna aliyevunja sheria. Dhuluma imefanywa na sheria yenyewe.

Haya yametokea. Lesotho mwaka 1998 chama kimoja kilipata takribani asilimia 60 ya kura kikaondoka na viti 79 kati ya 80. Fujo zikalipuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Mauritius, mwaka 1982 na tena 1995, upande mmoja ulichukua viti vyote 60 vya kisiwa kikuu. Uingereza mwaka 2024 Labour walipata kama theluthi moja ya kura na karibu theluthi mbili ya viti.

Pendekezo langu ni mseto: sehemu ya wabunge watoke majimboni, sehemu watoke kwenye orodha za majina zinazopangwa na vyama, na viti vya orodha vitumike kufidia mpaka jumla ya viti vya chama ilingane na kura zake. Mpiga kura apewe karatasi mbili, moja ya mbunge wa jimbo, moja ya chama. Karibuni.

Jimbo Kwanza
Mkuu, hesabu nimeielewa na sina ugomvi nayo. Ila mbunge wa orodha ni abiria. Tiketi kakatiwa na mwenyekiti wa chama na atashuka pale mwenyekiti atakapomwambia shuka. Daraja likikatika mimi namfuata nani? Mbunge lazima awe na wenyewe.

Sauti ya Nyuma
Jimbo Kwanza, hilo neno "abiria" lirudishe ulikolitoa. Mama yangu mzazi haoni. Aligombea jimbo mara mbili, na mara zote mbili watu wa chama chake walimwambia usoni kwamba jimbo ni la kutembea, yeye hawezi. Akaingia bungeni kwa orodha. Nimemsomea miswada mpaka saa nane usiku, ukurasa kwa ukurasa, wakati wabunge wenye majimbo wanagonga meza bila kujua wamepitisha nini. Huyo ndiye abiria?

Watu wasioona wapo katika kila jimbo, na hawawi wengi katika jimbo lolote. Kwa mfumo wako watasubiri mpaka lini? Rwanda waliliona hilo: kati ya viti 80 vya wabunge, 24 ni vya wanawake, 2 vya vijana na 1 cha watu wenye ulemavu, na 53 vinavyobaki vinagawanywa kwa uwiano wa kura.

Jimbo Kwanza
Dada, mama yako sijamtaja na simjui. Mungu amtunze. Nimesema juu ya mfumo. Lakini ngoja nikuulize: siku mama angepinga msimamo wa chama chake, uchaguzi uliofuata jina lake lingekuwa namba ngapi kwenye orodha?

Bibi Hesabu
Kabla hamjafika mbali, kuna jambo mmeliruka. "Kulingana na kura" maana yake nini? Tuseme kuna viti vitatu. Chama A kina kura 53,000, B 24,000, C 23,000. Ukigawa kura za kila chama kwa 1, 2, 3 na kuendelea, kama alivyopendekeza D'Hondt wa Ubelgiji, na viti vitatu vikaenda kwa majibu matatu makubwa zaidi, A anapata viti viwili, B kimoja, C hapati kitu. Ukigawa kwa 1, 3, 5, njia ya Sainte-Laguë, kila chama kinapata kimoja. Kura ni zilezile! Njia ya kwanza imemnyima C ambaye amepitwa na B kwa kura elfu moja tu. Ya pili imemweka A, mwenye zaidi ya nusu ya kura, sawa na mwenye robo. Mizani, ipi ni haki?

Sauti ya Nyuma
Jimbo Kwanza, alipinga. Mara moja, kwenye muswada wa ardhi. Uchaguzi uliofuata hakuwepo kwenye orodha kabisa. Haya, umefurahi?

Jimbo Kwanza
Sijafurahi hata kidogo, dada. Imeniuma. Lakini umethibitisha nilichosema.

Kalamu Nyekundu
Mnabishana kana kwamba dunia ina njia mbili tu. Ireland wanatumia majimbo makubwa yenye wabunge watatu mpaka watano, mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba: huyu wa 1, huyu wa 2, huyu wa 3. Mtu wako akishindwa, kura yako inahamia kwa unayemfuatisha. Unapata uwiano na bado mbunge ana wenyewe. Serikali ilijaribu kuuondoa mfumo huo kwa kura ya maoni mwaka 1968, wananchi wakakataa.

Mzee wa Kumbukumbu
Walijaribu mara mbili, kijana. 1959 na 1968. Mara zote mbili wananchi walikataa.

Kalamu Nyekundu
Ahsante mzee, nasimama kusahihishwa.

Karani wa Kituo
Mimi nimehesabu kura chaguzi tatu, kwa taa ya chemli, mawakala wamenizunguka wakinihesabia pumzi. Sasa mnataka nihamishe kura kutoka namba 1 kwenda namba 2, na nigawanye kura zilizozidi za aliyekwisha kushinda, pale pale? Karatasi ikiwekwa vema pasipotakiwa tu tayari ni ugomvi wa nusu saa. Mfumo ambao wakala wa kawaida hawezi kuufuata kwa macho yake utaitwa wa wizi hata kama hakuna aliyeiba. Hiyo nayo ni haki, au siyo?

Kalamu Nyekundu
Karani, kwa hiyo tubaki na dhuluma kwa sababu ni rahisi kuhesabu? Uvivu usitungiwe jina zuri.

Karani wa Kituo
Uvivu? Wewe umewahi kukesha na masanduku siku mbili bila kulala? Neno hilo kamwambie mtu mwingine. Na mleta mada nina lake: karatasi mbili anazozitaka, Lesotho walizijaribu. Walileta mseto mwaka 2002, viti 80 vya majimbo na 40 vya kufidia. Ilipofika 2007 vyama vikubwa viwili vikajiunga na vyama vidogo: majimboni wanagombea kwa jina moja, kura ya orodha wanaiomba kwa jina jingine. Kwa hiyo wakashinda majimbo na bado wakalipwa fidia. Ilibidi mwaka 2012 warudi kwenye karatasi moja inayohesabiwa kote kuwili.

Msimamo Mkali
Vyama vidogo ndiyo ugonjwa wenyewe. Israeli nchi nzima ni jimbo moja, vyama vimejaa, wakapiga kura mara tano kati ya Aprili 2019 na Novemba 2022. Wekeni kizingiti cha asilimia 10, chama kisichofikisha kisipate kiti, mchezo uishe.

Mzee wa Kumbukumbu
Asilimia 10 waliiweka Uturuki. Mwaka 2002 vyama viwili tu ndivyo vilivyovuka. Chama kilichopata kura 34 kwa kila mia kikakalia viti 363 kati ya 550, na kura kama 45 kwa kila mia zikaenda na maji. Mwaka 2022 wenyewe wakakishusha mpaka 7. Kizingiti kirefu kinakurudisha kulekule alikoanzia mleta mada.

Mizani
Karani, hoja ya Lesotho imenigusa. Nafuta karatasi mbili. Iwe moja: ukimpigia mgombea wa jimbo, umekipigia na chama chake. Ila najua nimemnyima anayempenda mgombea na hakipendi chama chake, na hilo linaniuma.

Jimbo Kwanza
Na mgombea binafsi je? Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2020 kwamba kumlazimisha mtu apitie chama ndipo agombee ni kinyume cha Katiba. Narudi palepale: orodha imefungwa na nani?

Sauti ya Nyuma
Kaka, kwa mara ya kwanza leo tunaongea lugha moja. Orodha ifunguliwe. Finland mpiga kura anaandika namba ya mgombea mmoja. Kura hiyo inahesabiwa kwa chama ili kigawiwe viti, kisha inampandisha au kumshusha mgombea mwenyewe. Mwenyekiti hapangi nani wa kwanza, wananchi ndio wanapanga. Mama angekuwa na orodha ya hivyo, waliomjua wangemrudisha. Walikuwa wengi. Walitawanyika nchi nzima, lakini walikuwa wengi.

Jimbo Kwanza
Orodha ya hivyo naikubali. Neno "abiria" nalifuta kwa mama, silifuti kwa wale wanaopangwa sebuleni kwa mwenyekiti.

Karani wa Kituo
Namba moja kwenye karatasi moja, hiyo naweza kuihesabu hata usiku.

Bibi Hesabu
Viti vitatu. A 53,000, B 24,000, C 23,000. Bado nasubiri.

Mizani
Bibi, nisamehe. Mimi nachukua njia ya pili, 1, 3, 5, kwa sababu chama kikubwa kinajitetea chenyewe. Lakini kwa viti vitatu tu hakuna njia isiyomwumiza mtu. Ongeza jimbo liwe na viti kumi uone.

Bibi Hesabu
Kwa viti kumi njia zote mbili zinatoa jibu lilelile. Lakini Jimbo Kwanza atauliza, kati ya wabunge kumi amfuate yupi daraja likikatika.

Jimbo Kwanza
Nauliza.